Nafasi ya Nne, Upande Huu wa Beria

Jumamosi, 15 Januari 1966

Mwalimu Rimberia ametuamuru kuandika shajara muhula mzima. Ati mwalimu asiyeandika siku zake mwenyewe atawafundishaje watoto kuandika zao? Nikauliza, na kama siku haina kitu? Akasema, "Basi andika kwamba haina kitu, Aule, halafu uone kama ni kweli." Darasa zima likacheka. Haya basi. Leo haina kitu. Jua, vumbi, chai ya rangi.

Jumapili, 16 Januari

Si kweli. Jioni nilikaa na Dabaso juu ya ukuta mfupi nyuma ya kiwanja chetu cha mpira wa kikapu, tukingoja jua lizame apate kufungua. Anafunga Ramadhani na bado anaruka kuliko sisi tunaokula mara tatu. Kitanda chake bwenini kimepakana na changu, na usiku miguu yake inatoka nje ya kitanda mpaka njiani.

Kutoka ukutani tunaiona beria. Ni gogo moja lililopakwa rangi nyeupe na nyekundu, limelazwa juu ya barabara ya kwenda milimani, na askari wawili wamekaa kando. Mimi ni Mturkana wa hapa hapa Isiolo mjini, napita. Kaberia, kapteni wetu, ni Mmeru, anapita akipiga mluzi. Dabaso ni Mborana. Tangu vita vya shifta, wale waasi wanaotaka kujitenga, vianze, Mborana hapiti bila pasi, na hakuna afisa atakayetia sahihi pasi ya kwenda kudunda mpira.

"Ni gogo tu," Dabaso alisema. "Mbuzi wanapita chini yake."

"Basi jifunze kuwa mbuzi."

Alicheka, na jua lilipozama akang'ata tende. Mlima ulikuwa umejitokeza wote, mweupe kileleni. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama una mgongo. Yaani upande wa pili, ukoje? Sasa nimelala na swali lake.

Jumamosi, 22 Januari

Tumecheza ugenini kwa wale tunaowaita Mlimani, chuo cha huko juu kwenye baridi. Wametupiga 44 kwa 25. Bila Dabaso sisi ni kuku walioona mwewe. Mimi niliingia mwishoni, nikagusa mpira mara moja, na mara hiyo ilikuwa kwa uso.

Dabaso alikuwa ukutani akitungoja. Hakuuliza matokeo. Aliuliza, "Umeona nini?"

Haki ya Mungu, sikuona kitu. Kwenda nililala juu ya magunia ndani ya lori, kurudi nililala juu ya Kaberia. Lakini macho yake yalikuwa yamefunguka kama mtoto anayengoja hadithi, na mimi mdomo wangu una haraka. Nikamwambia kuna mahali barabara inapanda mpaka inaingia ndani ya wingu. Dereva anawasha taa mchana. Huoni mkono wako. Ukitoka upande wa pili shati limelowa, na hakuna mvua iliyonyesha.

"Wallahi?"

"Kabisa."

Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mama yake huko Biliqo angelipenda wingu la namna hiyo, analoweza kulifikia kwa miguu. Hana habari zake tangu mwaka juzi.

Jumapili, 23 Januari

Idi. Shangazi yake Dabaso, Mama Batula, anayeuza maziwa karibu na lango, ametulisha pilau sote, waliofunga na wavivu. Kaniambia, "Wewe Aule hukufunga hata siku moja lakini sahani yako ndiyo ya kwanza kuisha." Kweli tupu.

Alhamisi, 3 Februari

Haina kitu.

Jumamosi, 5 Februari

Mlimani wamekuja kwetu wakifuata msafara wa jeshi. Tumewapiga 41 kwa 30! Dabaso peke yake pointi ishirini na mbili. Pete za kikapu chetu zimetengenezwa kwa vyuma vya mapipa, na mpira ukipita zinalia kidogo, ding. Nimelala nikiisikia ile ding.

Jumanne, 15 Februari

Naandika sheria zenyewe, maana Dabaso ameniuliza mara tatu nami nimemjibu mara tatu tofauti.

Vyuo vya ualimu viko vinne. Kila kimoja kinacheza na vingine nyumbani na ugenini, na pointi zinahesabiwa. Halafu mwezi wa tatu kuna mashindano ya kanda, siku mbili tu, vyuo vyote mahali pamoja. Bingwa wa siku hizo mbili anapewa nafasi ya kwanza, hata kama msimu mzima alikuwa mkia. Waliobaki wanapangwa kwa pointi zao. Ndipo inakuja nusu fainali ya mkoa: wa kwanza na wa nne, wa pili na wa tatu. Kapteni wa timu iliyo juu anasimama mbele ya kamati na kutaja kiwanja. Na hapo, hapo peke yake, ndipo wanapokuja wachaguzi wa timu ya mkoa. Wanaochaguliwa wanakwenda Nairobi na barua ya serikali yenye majina yao.

"Barua hiyo inafungua beria?" Dabaso aliuliza.

"Inafungua hata benki."

Sisi ni wa nne. Nyumbani tunashinda, ugenini tunazikwa. Na mechi moja ya nyumbani haikuchezwa: wenzetu walisema barabara ina shifta, chama cha mchezo kikawapa pointi bila jasho. Lakini mwaka huu mashindano ya kanda ni zamu yetu kuyaandaa. Yatachezwa hapa. Dabaso atacheza. Tukishinda tunaruka kutoka mkiani hadi kichwani, tunataja kiwanja chetu, na wachaguzi watakuja wenyewe mpaka kwenye vumbi hili kumtazama. Tukishindwa tunabaki wa nne, tunapelekwa kwa wa kwanza, na yeye anabaki ukutani.

Jumatano, 23 Februari

Leo nimejichukia.

Tulikuwa mazoezini saa sita mchana. Wanajeshi waliingia na Land Rover mpaka katikati ya kiwanja. Jana kulipigwa risasi njia ya Merti, kwa hiyo leo kila Mborana na kila Msomali ana macho ya shifta. Wakawaita vijana wote wa makabila hayo, wakawachuchumalisha juani, mikono kichwani. Dabaso alichuchumaa akiwa bado na mpira, akaambiwa auweke chini, ukabingirika polepole hadi kwenye mguu wangu. Sikuuokota. Nilisimama tu, nikitazama mpira.

Kaberia alitembea, hakuitwa na mtu, akachuchumaa karibu na Dabaso. Akaweka mikono kichwani. Askari akamwuliza, "Wewe Mmeru, unafanya nini hapo?" Kaberia akajibu, "Mimi ni kapteni, afande. Hii ni timu yangu." Wakaachwa wamechuchumaa wote mpaka jua likapinda. Kisha gari likaondoka, mazoezi yakaendelea.

Mimi najua kusema. Kaberia anajua kukaa chini. Sikujua kwamba mtu anaweza kumwonea wivu mwenzake kwa jambo kama hilo.

Jumapili, 27 Februari

Joto. Mawingu yanakuja mpaka mlimani, yanapumzika, yanarudi. Dabaso anataka habari zaidi za lile wingu la barabarani. Nimeongeza ng'ombe waliosimama ndani yake, wakionekana pembe tu.

Jumatano, 9 Machi

Haina kitu. Joto.

Ijumaa, 11 Machi

Wageni wamefika, wametiwa vumbi mpaka kope. Wanalala madarasani. Wakati wa chakula Kaberia na Kiogora, kapteni wa Mlimani, walikaa pamoja wakiulizana ukoo, maana Wameru wawili hawawezi kula githeri, mahindi na maharagwe, kabla ya kujua babu wa nani alitoka wapi. Ghafla wakaruka wote wawili, wakacheka, wakashikana mikono, kisha wakaachiana haraka kana kwamba imewaunguza.

Nikauliza kuna nini. Kaberia akasema, "Ah, koo zetu ni gichiaro." Nikasema, ndiyo nini? Akasema ni undugu wa kiapo wa zamani. "Ni mtu wa kumheshimu sana, Aule. Afadhali ugombane na baba yako." Akaendelea kula. Nami nikaendelea kula, mjinga mimi, bila kuuliza zaidi.

Jumamosi, 12 Machi

Tumeshinda ya kwanza. Dabaso alikuwa akielea tu. Kuna wakati aliruka nikadhani hatateremka.

Jumapili, 13 Machi

Nina hasira. Naandika hivyo hivyo.

Fainali. Sisi na Mlimani. Mji mzima ulikuja, wauza miraa, akina mama wa maziwa, hata wale askari wawili wa beria walisimama kwa zamu. Imebaki chini ya dakika moja, sisi 38, wao 37. Kaberia ana mpira. Hana haja ya kufunga. Kazi yake ni kuudunda tu na kuzunguka mpaka filimbi ilie. Naye ni fundi wa hilo, hakuna awezaye kumnyang'anya.

Kiogora alikuwa mbele yake, amechoka, ulimi nje. Nilikuwa kwenye benchi, si mbali nao. Nilimwona akifungua mdomo na kusema maneno machache ya Kimeru, ya chini, kama mtu anayeomba maji.

Kaberia akasimama. Akaushika mpira kwa mikono miwili. Akampa.

Akampa! Kama anayempa mgeni kibuyu! Kiogora mwenyewe alishtuka, akabaki nao kidogo kama hajui ni kitu gani, kisha akakimbia. Ding. 39 kwa 38. Filimbi.

Mwalimu Rimberia alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mimi nilimwendea Kaberia nikamwita jina ambalo sitaliandika hapa kwa sababu Mwalimu anasoma. Alisema tu, "Ameniomba."

"Akikuomba mke?"

"Ndiyo," alisema. "Hata hivyo."

Mwalimu, Mmeru naye, ndiye aliyenishika mkono akanieleza nyuma ya jiko. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu kwa jina hilo humnyimi. Ukimnyima, laana haikupati wewe peke yako, inashuka kwa watoto na mifugo. Kwa hiyo watu wazima hawaombi ovyo. Wanaogopana kwa adabu. "Kiogora amefanya kosa kulitumia mchezoni," alisema. "Lakini akishalitamka, Kaberia angefanya nini?"

Adunde tu! Angedunda mpira! Ndivyo nilivyomjibu mwalimu wangu, na hakunikemea.

Jioni Dabaso alikuwa ukutani. Nilitegemea nimkute analia au ana hasira nimsaidie. Aliuliza kama njia ya kwenda Mlimani ina maua msimu huu. Nikamwambia sitaki kusema uongo leo. Akasema, "Basi sema kweli." Nikashindwa hata hiyo.

Jumatatu, 14 Machi

Kabla lori la Mlimani halijaondoka Kiogora alinikuta bombani. Nilimgeuzia mgongo. Akazungumza na mgongo wangu: "Tumeshinda mechi tano kati ya sita. Tumecheza na homa, tumecheza kwenye matope. Mkatuita siku mbili tu huku kwenye joto lenu, na mngetushusha. Ni haki hiyo?"

Ubaya ni kwamba alikuwa na hoja.

"Lakini nilivyoupata ule mpira," akasema, "sijalala." Akaenda.

Alhamisi, 17 Machi

Sijaongea na Kaberia. Analala kitanda cha nne kutoka changu. Anakohoa kwa adabu.

Jumamosi, 19 Machi

Bila mechi. Nilikwenda na Dabaso kwa Mama Batula, na Kaberia akaja nyuma yetu kama mbwa aliyefukuzwa. Salaam aleikum, aleikum salaam, nagaa, nagaya, habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua ambayo haiko. Mama Batula akamimina maziwa. Hakupenda tulivyokaa, kila mmoja akitazama mlango wake.

"Nyinyi mmekula mwiba?" aliuliza.

Nikamweleza yote, na sikumpunguzia Kaberia hata chembe. Alisikiliza akipangusa vibuyu. Nilipomaliza nilingoja amlaani pamoja nami, maana Dabaso ni mtoto wa ndugu yake. Badala yake alimgeukia Kaberia.

"Huyo mtu wako. Aliomba, ukampa."

"Ndiyo, mama."

"Na yeye akiombwa?"

Kaberia alikuwa amepeleka kikombe mdomoni. Kikabaki hapo hapo.

"Kwetu Borana," Mama Batula akasema, "mtu akinywa maziwa yangu, mimi pia nimepata nyumba ya kunywa. Au kwenu Meru maziwa yanateremka upande mmoja tu?"

Dabaso ndiye aliyecheka kwanza. Kaberia aliweka kikombe chini, uso wake umegeuka wa mtu mwingine. Alisema taratibu, akijihesabia mwenyewe: Mlimani ni wa kwanza. Sisi wa nne. Tunakutana na wao. Kapteni aliye juu ndiye anayetaja kiwanja.

"Utamtumia salamu?" nikauliza. Ndilo neno langu la kwanza kwake wiki nzima.

"La. Inaombwa uso kwa uso."

Jumatatu, 21 Machi

Kaberia amepanda lori la wafanyabiashara wa miraa lililokuwa likirudi tupu. Mwalimu Rimberia alimpa ruhusa akijifanya hajui ya nini. Nilimpeleka mpaka beria. Nilitaka kumwambia kuhusu siku ya kuchuchumaa, kwamba niliona. Nikasema, "Chukua sweta."

Jumanne, 22 Machi

Haina kitu. Tumekaa ukutani. Si kweli kwamba haina kitu. Tumengoja.

Jumatano, 23 Machi

Amerudi! Anasema alimkuta Kiogora akifua raba. Hakumlaumu. Alimwita kwa jina lile na kumwomba kiwanja, akamweleza kwa nini. Kiogora alikaa chini kwenye nyasi. Alisema, "Unajua unaniomba nini? Msimu wetu mzima ulikuwa wa kutafuta hicho." Kaberia akasema anajua. Kisha Kiogora akasema, "Nimekupa kiwanja. Mchezo sikupi."

Jana Kiogora alisimama mbele ya kamati akataja Isiolo. Mwalimu wake nusura aanguke na kiti. Wakamwuliza kama ana homa.

Dabaso nilipomwambia alikwenda kuoga. Alikaa huko mpaka maji ya tangi yakaisha.

Jumanne, 29 Machi

Mlima haujaonekana siku tatu. Kule juu mvua imeanza, wanasema madereva. Huku ni harufu tu.

Ijumaa, 1 Aprili

Idi ya kuchinja. Nyama. Mama Batula amemkataza Dabaso kula sana. Mimi hakunikataza, akasema, "Wewe huchezi." Hivyo ndivyo ninavyopendwa.

Jumamosi, 2 Aprili

Walikuja wachaguzi watatu, wamevaa viatu vyeusi, wakakalishwa chini ya mwavuli wa Mwalimu Rimberia. Na Mlimani walikuja na ghadhabu ya watu walioondolewa nyumbani kwao. Kiogora hakutazama upande wetu hata mara moja. Kaberia naye alifunga mdomo kabisa. Mechi nzima hawakusemezana. Waliogopana kwa adabu, kama alivyosema Mwalimu.

Wingu lilishuka kutoka mlimani kipindi cha pili. Kwanza matone makubwa yakipiga vumbi, halafu Isiolo yote ikanuka kama chungu kipya. Hakuna aliyekimbia. Mpira ukakataa kudunda, ukawa unakaa pale unapoangukia, kwa hiyo ikawa ni kurushiana tu, na hakuna mtu duniani anayeufikia mpira wa juu mbele ya Dabaso. Alikuwa amelowa, matope mpaka magotini, anacheka. Kila alipoteremka maji yaliruka. Kuna mara moja alirusha kutoka mbali kabisa, karibu na ukuta wetu, sikuuona mpira ndani ya mvua, nikasikia tu ding.

Tumeshindwa. 33 kwa 31. Tulipata kiwanja, mchezo tukanyimwa, sawasawa na ahadi. Kiogora alitupa mpira wa mwisho mwenyewe, kihalali, akaanguka nao. Kaberia ndiye aliyemwinua.

Mchaguzi mmoja aliacha mwavuli akaja mpaka katikati ya matope na viatu vyake. Alimwuliza Dabaso jina lake na la baba yake. Akaliandika. Niliogopa Dabaso angesema kitu cha kijinga. Aliuliza, "Ni njia ya juu, ile ya wingu?"

Mchaguzi akasema ni njia ya juu, ndiyo.

Jumanne, 5 Aprili

Barua ya Dabaso imefika, nami nina wasiwasi. Nimekumbuka kwamba sijawahi kuona hilo wingu. Nililala! Januari kulikuwa na jua tupu huko, Kaberia mwenyewe ameniambia. Dabaso anafunga sanduku lake na kuniuliza kama avae shati zuri au alihifadhi, maana litalowa. Nimemwambia avae la zamani. Mungu nisamehe.

Jumatano, 13 Aprili

Ameondoka leo asubuhi, na lori la serikali. Tulikwenda sote hadi beria. Mama Batula alimtemea mate kidogo kichwani, ya baraka, akamwinua kidevu. Askari aliisoma barua mbele, akaisoma nyuma ambako hakuna kitu, akamtazama Dabaso, akaitazama tena. Mvua ilikuwa manyunyu. Kisha akakanyaga upande mzito wa gogo, na gogo likapanda. Kumbe ni jepesi hivyo. Mtu mmoja, mguu mmoja.

Sikulia. Kaberia alilia, kwa niaba ya wote.

Ijumaa, 15 Aprili

Nimekaa ukutani peke yangu. Majani yameota hata katikati ya kiwanja.

Jumatatu, 18 Aprili

Leo dereva wa lori la serikali amesimama langoni, akauliza, Aule ni nani hapa? Nikasema ni mimi, nimefanya nini? Akasema ana salamu alizobebeshwa na kijana mmoja mrefu, ambaye njia nzima alikataa kukaa ndani, akasimama nyuma na magunia, na walipofika kule juu akagonga paa la gari wasimame. Walisimama, taa zimewashwa, mchana. Kijana akashuka, akatembea mbele ya gari, akapotea, akarudi shati limelowa chepechepe.

"Na salamu zenyewe?" nikauliza.

"Amesema nikwambie liko pale pale ulipoliweka. Na ng'ombe pia."